Jeshi la Kitandililo

Askari walikuwa ishirini. Priska alikuwa na hakika nao, kwa sababu yeye ndiye aliyewatoa kambini mmoja baada ya mwingine, akawalisha, akawapa wengine majembe na wengine mikuki na pinde. Lakini alasiri ile aliwahesabu kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu, akapata ishirini na moja. Akarudia. Ishirini na moja. Huyo wa ziada alisimama nyuma ya wenzake, kando kidogo, na Priska alipombonyeza aone jina lake, mahali pa jina palikuwa patupu.

Akajiambia ni uzee wa kompyuta. Mwaka ule wa 2002 mashine hizo zilikuwa chache Makambako kuliko baa, na kila lililomshinda mtu kulielewa alizitupia zenyewe lawama. Akampisha mteja kitini, akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda zake nyumbani Kitandililo kumchukua mwanawe.

Hilo la kupuuza lilikuwa kosa la pili. La kwanza alikuwa ameshalifanya wiki tatu kabla, na ni heri nilieleze taratibu, maana hadi leo watu wa mji ule wanalisimulia kinyumenyume. Wapo wanaomlaumu Halfan, wapo wanaomlaumu mkewe, na wote wawili walikuwa waja wa Mungu wanaotafuta riziki yao.

Halfan alikuwa Mrangi wa Kondoa. Alikuja Makambako na Fuso moja, akapata ya pili kwa kubeba mbao na viazi kwenda Dar es Salaam. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa milango, na kila mwenye lori alitaka jambo la pili: huyu nyumba ya wageni, yule duka la mitumba. Halfan alirudi safari moja na kompyuta tatu zilizotumika, amezifunga kwenye magodoro zisivunjike njiani. Akapangisha chumba karibu na stesheni ya reli, akaandika ubaoni: Uchapaji, Fotokopi, Gemu. Uchapaji ulileta watu wawili kwa siku. Gemu ilijaza chumba mpaka mlangoni.

Gemu yenyewe ilikuwa ya vita. Unaanza na kibanda kimoja na wakulima watatu, katikati ya nchi ambayo karibu yote ni giza kwa sababu hujaitembea. Giza linafunguka kadiri watu wako wanavyokwenda. Mahali fulani ndani yake yuko adui, naye anajenga jeshi lake wakati wewe unajenga lako.

Priska aliajiriwa kuchapa barua. Alikuwa Mkinga wa Makete, mtu wa kanisani, amesomea kupiga taipu Njombe mjini, vita havikumhusu. Lakini saa za kukaa bure zilikuwa nyingi, akacheza, na haikupita miezi miwili akawa hashindiki. Wanaume waliokuja kumtania walibaki kumwomba awafundishe, naye aliwafundisha bila kuwabembeleza. Anayeanza, alisema, hukimbilia askari, na hapo ndipo anapojimaliza: askari anakula lakini halimi. Anza na wakulima. Watie wengine shambani na wengine kwenye miti, usikubali hata mmoja asimame amekunja mikono. Mtume mtu mmoja azunguke gizani akuletee habari. Mikuki iwe mbele, pinde nyuma. Kila kikosi kipe namba yake ili ukiite kwa kidole kimoja. Wachache waache walinde nyumbani. Usipeleke askari mmoja mmoja, huko ni kumlisha adui. Kusanya, ngoja, kisha wapeleke wote pamoja. Na usimpende askari mmoja, kwa sababu kamanda akimpenda mmoja atawapoteza wote.

Mwanafunzi wake mgumu kuliko wote alikuwa Mwalimu Ambrosi wa shule ya msingi, mtu wa makamo, mpole kupita kiasi, aliyeshindwa vita kila siku na kila siku akarudi. Tatizo lake ni kwamba askari wote kwake walikuwa sura moja. Alimtaka wa upinde akamtuma wa mkuki, akamtaka askari akampeleka vitani mkulima. Priska akaona dawa ni kuwapa majina, kwa kuwa gemu iliruhusu.

Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri Bi Zamda, mke wa Halfan, alikuja na chetezo akafukiza chumba ubani na udi, kama alivyofukiza kila mahali pa biashara ya mumewe, ili husuda itoke na heri iingie. Alikuwa na sharti moja, na alimpa Priska siku ya kwanza kabisa ya kazi: moshi ukiwa juu, usitaje jina la mtu. Kuna wasioonekana ambao huja kwa harufu ile, na jina likitajwa mbele yao, huwa wamekabidhiwa mwenye jina. Priska aliitikia kwa adabu. Moyoni alisema hayo ni yao, mimi nina Bwana wangu.

Siku hiyo Bi Zamda alikiacha chetezo juu ya kabati, akatoka kwenda sokoni. Ambrosi alikuwa amekwama. Ameandika majina mawili, la tatu halimjii. Priska, ambaye hakupenda kazi ilale, akafungua mkoba wake akatoa daftari la jumuiya. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa jumuiya yao ya sala pale Kitandililo, na humo aliandika majina ya wanaoombewa: wagonjwa, wenye safari, wenye mashaka. Akayafuta mawili ya mwalimu ili orodha iende sawa, akaanza kuchapa ya daftari. Na kwa mazoea ya kazi yake alisoma kwa sauti kila alichochapa, ili asikosee herufi. Zipora. Ezekia. Hyasinta. Jeni. Moshi ulikuwa umetanda darini, umeshuka mpaka kwenye nywele zake. Yalikuwa majina ishirini, na la ishirini lilikuwa la mwanawe wa pekee, wa miaka sita, aliyemwandika kwa sababu ya kikohozi. Feliciana.

Wakahifadhi mchezo, na kila siku Ambrosi akawa anauendeleza pale alipoishia, Priska akimsaidia kuwalisha askari na kuwapa silaha.

Sasa nirudi kwenye ile alasiri ya askari wa ziada. Priska alifika Kitandililo ukungu umeshaanza kushuka, ule ukungu wa Juni unaoingia mpaka kwenye mablanketi. Mchana kutwa Feliciana alikaa kwa jirani, Mama Zipora, Zipora likiwa jina lake mwenyewe, mwenyekiti wa jumuiya, kwa kuwa baba yake, Nahumu, alikuwa akipasua mbao Matembwe na kurudi Jumamosi kwa Jumamosi. Priska alipiga hodi kwa Mama Zipora, hakuitikiwa. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Mama Zipora alikuwa shambani analima. Juni, ardhi imekauka, hakuna cha kupanda, naye alikuwa akilima tuta lilelile lililokwisha kulimwa, anafika mwisho, anageuka, analirudia. Pembeni yake Feliciana alikuwa akiokota kuni. Alikuwa ameshakusanya rundo lililomzidi kimo, na bado alikwenda, akaokota kijiti, akarudi, akakiweka, akaenda. Viganja vyake vilikuwa vimechanika.

Priska akamwita. Mtoto hakugeuka. Akamfuata, akamshika bega, na bega lilikuwa la moto na gumu, na mtoto akampita tu kwa upande kama mtu anayepita nguzo, akaenda kuokota kijiti kingine. Nywele zake zilinuka udi. Mama alimbeba kwa nguvu akamwingiza ndani, na huko ndani mtoto akawa anatembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka ukutani, mpaka saa mbili, saa ambayo Halfan hufunga chumba chake kule mjini. Hapo akasimama ghafla, mikono ikaning'inia, macho wazi. Alilala hivyohivyo, amesimama.

Asubuhi alikuwa mzima. Alikunywa uji, akauliza baba anarudi lini, akashangaa vidonda vyake. Mama Zipora naye alisema tu kwamba mgongo unamuuma. Priska akajilazimisha kuamini kwamba ni homa, akaenda kazini, na hilo namlaumu kidogo, ingawa najua aliyeajiriwa hana mahali pa kukaa na hofu yake.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa anachapa barua ya maombi ya kiwanja, na nyuma yake Ambrosi alikuwa vitani. Mwalimu alikuwa amechoka kusubiri. Alisahau yote aliyofundishwa, akaanza kuwatuma askari gizani mmoja mmoja.

"Aa, Ezekia kafa," Priska alimsikia akinung'unika. "Hata sikumwona aliyemuua."

Priska alicheka kidogo bila kugeuka. Saa kumi na moja na nusu, akiingia Kitandililo, alikuta kilio. Mzee Ezekia, mtu wa jumuiya yao, mwenye kisukari lakini mwenye nguvu zake, alianguka katikati ya shamba lake la viazi saa tisa. Hakuwa na mtu karibu. Waliomwosha walisema ana alama kifuani, ndogo, nyeusi, kama aliyechomwa na kitu chembamba.

Mtu akiwa na mtoto huelewa mambo haraka kuliko anavyotaka. Priska alisimama msibani na kanga yake kichwani, na mbele yake wote aliowaona wakilia, Hyasinta, Jeni, Mama Zipora, aliwaona vilevile alivyowachapa, kwa mpangilio uleule. Akarudi mjini mbio, mchana unaisha, akamwondoa Ambrosi kitini bila salamu, akakaa.

Wakulima wake walikuwa kwenye miti. Mmoja mdogo aliitwa Feliciana. Akamwamuru asimame, akasimama. Kisha akamchukua yule aliyeitwa Zipora, akamtuma kisimani, akamwacha hapo. Alitaka kujua. Aliporudi nyumbani usiku ulipoingia, majirani walikuwa wamezunguka kisima cha mtaa wakimbembeleza Mama Zipora arudi ndani. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, hana ndoo, hajibu, anaangalia maji.

Kesho yake, Ijumaa, alimweleza Halfan yote. Halfan alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa maamuzi. Alimsikiliza, akasema bismillahi, akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

Kioo hakikuzimika. Kilibaki na mwanga wake wa kijani, na ndani yake askari hawakuwa tena walipoachwa. Walikuwa wamejipanga safu mbili, mikuki mbele, pinde nyuma, kumi na tisa, wote wameelekea pembe moja ya ramani ambayo ilikuwa bado giza. Mbele yao, peke yake, alisimama yule asiye na jina. Halfan aliushika waya uliochomolewa, akauangalia, akauweka chini taratibu.

Bi Zamda alipoitwa hakuuliza ni nini. Alinusa hewa ya chumba, akamwangalia Priska.

"Nani alitaja majina?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi, mama."

"Mangapi?"

"Ishirini." Kisha Priska akaongeza. "Na mwanangu yumo."

Bi Zamda hakumgombeza, na ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alisema wasiivunje kompyuta wala wasiichome, kwa sababu jeshi likiharibiwa kambi yake halitawanyiki, linafuata aliye mbele. Akaenda kwenye simu ya stesheni kumpigia shangazi yake, Bi Salha, mganga aliyekuwa akiishi Iringa. Bi Salha alisema atapanda basi la kwanza Jumamosi. Aliagiza kitu kimoja, kwamba mtoto asitolewe mtaani kwao, na asiachwe peke yake hadi afike.

Nahumu alirudi Ijumaa hiyohiyo usiku, kwa sababu habari za msiba wa Ezekia zilimfikia Matembwe. Mkewe alimweleza wakiwa wamekaa kitandani, mtoto katikati yao. Nahumu alikuwa Mbena wa Kitandililo hapohapo, mtoto wa mtaa ule, na Ezekia alikuwa amemfundisha kushika msumeno. Hakusema mkewe amekosea. Alisema atafunga mlango kwa komeo, naye atalala mlangoni.

Kulipoanza kupambazuka, ukungu ukiwa umebana madirisha, walisikia nyayo. Hazikuwa za mtu anayepita kwenda shambani, zilikuwa za wengi, na hazikuharakisha wala hazikuburuta, zilikuja kwa hatua moja, zikafika uani, zikanyamaza, na harufu ya udi ikaingia chini ya mlango ikajaza chumba, na Nahumu alipochungulia kwenye upenyo wa dirisha aliwaona watu wa jumuiya, Mama Zipora na gauni lake la kulalia, Hyasinta amebeba mchi, Jeni ana fimbo ya kuchungia, wazee na kina mama aliowajua tangu utoto wake, wamesimama safu mbili katika baridi ile bila viatu, wote wameelekea upande mmoja, kwenye misitu ya misindano inakokwenda barabara ya Njombe, na mwisho wa safu ya nyuma kulikuwa na nafasi moja wazi ya mtu mdogo.

Feliciana alishuka kitandani. Priska alimkumbatia kiuno, akavutwa naye sakafuni. Nahumu, ambaye hubeba gogo la watu wawili peke yake, alijaribu kumnyanyua mtoto wa miaka sita na hakuweza. Alikuwa mzito kuliko gogo lolote alilowahi kulibeba, na komeo la mlango likafunguka bila kuguswa, mtoto akatoka na kuwaburuta wote wawili mpaka kizingitini, akaenda akasimama kwenye nafasi yake.

Kisha wote, kwa mdomo mmoja na kwa sauti ya upole ya watu wanaojibu sala kanisani, wakasema neno moja.

"Kamanda."

Priska alielewa kwamba wanasubiri amri, na kwamba haisubiriwi kutoka kwake. Alikaa chini katika umande, akamshika mwanawe mguu, na hakuuachia kwa muda wa saa sita. Nahumu alimfunika mtoto kwa koti lake, akawafunika na wengine kwa chochote alichokipata ndani, mablanketi, magunia, kitambaa cha meza. Watu wa mtaa walikuja, wakaona, wakarudi ndani kufunga milango yao, na sioni sababu ya kuwasema.

Bi Salha alifika saa saba mchana kwa gari la Halfan, na nyuma ya gari ilikuwa kompyuta ile, imefunikwa shuka jeupe na bado inawaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani. Alipita mbele ya safu akiwaangalia mmoja mmoja, akafika kwa Feliciana, akakaa hapo zaidi. Akaagiza kompyuta iwekwe juu ya kigoda uani. Akawasha ubani wake mwenyewe, akaanza kusoma, na akasoma mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Kisha akauliza aliye mbele yao anataka nini.

Aliyejibu alikuwa Feliciana. Mdomo ulikuwa wake, kikohozi kilikuwa chake, lakini maneno yalikuwa ya mtu mzima asiye na haraka.

"Sikuiba. Nilikabidhiwa kwa majina, moshi ukiwa juu."

"Warudishe," Bi Salha alisema.

"Mmoja niliyemla sirudishi. Hawa wengine nina kazi nao." Mtoto akamgeukia mama yake. "Wewe uliwafundisha watu vizuri. Wakulima kwanza. Kusanya, ngoja, kisha wote pamoja. Mimi nimekusanya. Mbona sasa unampenda askari mmoja?"

Priska aliukaza mkono wake kwenye mguu ule mdogo, na nafsini mwake alijua wazi kwamba kama angeambiwa awatoe kumi na wanane ili huyu abaki, angewatoa. Aibu ya wazo hilo haikumtoka maisha yake yote.

Bi Salha aliacha kusoma. Akawavuta wazazi kando, akanong'ona. Amekabidhiwa majina, alisema, na anayo hayo tu. Mtu akiitwa kwa jina ambalo yule hajawahi kulisikia, hana kamba ya kumshikia. Hawa watu wana majina mengine? Nahumu alisema wanayo. Yaliyo kwenye daftari ni ya ubatizo, lakini kila mtu wa pale alipozaliwa bibi yake alimtoa nje alfajiri akamnong'oneza jina la nyumbani, la mtu wa ukoo aliyetangulia. Hayaandikwi, wala hayatajwi hovyo. Yeye anayajua kwa sababu amekulia hapo, na kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa.

"Waite," Bi Salha alisema. "Kwa sikio. Yule asisikie."

Majina hayo siyaandiki hapa, na msomaji ataniwia radhi. Nahumu alianza na Mama Zipora. Aliweka mdomo kwenye sikio lake, akafunika kwa viganja viwili, akanong'ona. Mama Zipora alishtuka mwili mzima. Akaziangalia nguo zake, akaangalia watu, akaanza kulia akiomba maji. Kwenye kioo askari mmoja alizimika. Nahumu akaenda kwa Hyasinta, mchi ukaanguka. Akaenda kwa Jeni. Akaenda kwa wazee. Kila aliyeitwa alirudi, na uani kukajaa watu wanaotetemeka na kushikana mikono, na Bi Zamda akawa anawagawia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake. Kwenye kioo walibaki wawili, mdogo mmoja na asiye na jina.

Nahumu alipiga magoti mbele ya mwanawe. Akafunika sikio lake kwa viganja, akafungua kinywa, akakaa hivyo.

Bi Salha alimtazama, kisha akamtazama Priska. "Hana?"

Hana. Mwaka aliozaliwa Feliciana, Priska alikuwa ameokoka na moto wake ulikuwa mpya. Mkwewe, mkunga yule, aliamka alfajiri ya siku ya nane, akamfunga mjukuu kwa nguo safi, akamtoa nje. Priska alitoka na damu yake ya uzazi, akampokonya mtoto mikononi. Alimwambia mkwewe kwamba mwanawe hatapewa jina la mizimu. Mama yule alikunja nguo yake akaingia ndani, na baada ya miaka miwili akafa bila kuligusa tena jambo hilo.

"Nimpe sasa," Priska alisema. "Baba yake ampe sasa hivi."

"Hapa, moshi ukiwa juu, mbele yake? Utakuwa umemkabidhi mara ya pili."

"Basi anichukue mimi, bibi. Mwambie. Mimi ndiye niliyetaja."

"Amekusikia," Bi Salha alisema. "Hataki."

Ukungu ulikuwa umeanza tena kushuka, mapema kuliko kawaida yake, na watu wote waliokuwa uani, waliorudi na waliokuja kuwatazama, waliona mtoto akiinua kichwa taratibu, akageuza shingo kuelekea kwenye misindano ambako hakukuwa na mtu, akasikiliza kidogo kwa makini ya mtoto aliyefunzwa adabu, na uso wake ukachangamka kama aliyetambuliwa na mgeni.

"Abee," akaitika.

Kioo kikazimika. Feliciana akaanguka mikononi mwa mama yake akiwa mwepesi, wa moto, anapumua vizuri, na alipofumbua macho alisema ana njaa. Watu wakamshukuru Mungu kwa sauti, kila mmoja kwa dini yake. Nahumu alilia waziwazi mbele za watu. Bi Salha peke yake hakufurahi. Alimwaga makaa ya chetezo, akayakanyaga, akaagiza kompyuta izikwe mbali na maji, akakataa chakula na akakataa kulala. Halfan alipomuuliza kama limekwisha, alisema hao kumi na wanane wamerudi. Akapanda gari.

Chumba cha stesheni kilifungwa mwezi uleule. Mwalimu Ambrosi hakuigusa tena kompyuta, na kila mwaka huenda na maua kwenye kaburi la Ezekia, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia ni kwa nini ingempasa. Feliciana alipona hata kikohozi. Alinenepa, akaanza shule, akawa mtiifu kuliko watoto wote wa darasa lake. Ila Priska aliona jambo, akalificha kwa Nahumu wiki nzima: akimwita mwanawe kutoka mlangoni, mtoto hageuki. Anakuja akiguswa, au akiona mkono wa mama unampungia. Jina Feliciana linampita.

Jioni moja, akimwogesha kwenye beseni jikoni, alimuuliza. Alijitahidi iwe sauti ya kawaida.

"Mwanangu, siku ile ulimwitikia nani?"

"Aliyeniita."

"Alikuita kwa jina gani?"

Feliciana alimtazama mama yake kwa huruma, akamwekea mkono wa povu shavuni.

"Amesema nisikwambie, mama. Amesema sina lingine, kwa hiyo hilo nilitunze. Akiwa tayari ataniita."

Priska aliendelea kummwagia maji mgongoni, kwa sababu yalikuwa yanapoa.